Taifa lisilo na dola: kwa nini Haudenosaunee wana timu ya taifa ya lakrosi lakini mlango wa Olimpiki umewagomea

Fungua atlasi yoyote utafute Haudenosaunee, muungano wa wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Hutaiona. Kwenye orodha ya wanachama wa Umoja wa Mataifa haimo. Hata hivyo, katika mashindano matatu ya mwisho ya Kombe la Dunia la lakrosi (mchezo wa kurusha mpira kwa fimbo zenye nyavu) kwa wanaume, yaani Denver 2014, Netanya 2018 na San Diego 2023, timu yenye jina hilo ndiyo iliyoondoka na medali ya shaba, na mara zote tatu iliyobaki nje ya jukwaa ni Australia. Mbele yao walikuwa Marekani na Kanada tu.

Basi Oktoba 2023, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipokutana Mumbai na kuurudisha mchezo huo kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, watu wakauliza swali la kawaida kabisa: hawa namba tatu wa dunia watakuwepo? Jibu lilipokuja kwamba, kwa taratibu zilivyo, hapana, vurugu ya maneno ikaanza. Wengine wakasema wamefungiwa. Wengine wakasema si timu ya taifa, ni klabu ya kabila fulani la Marekani. Wengine wakataja pasipoti bandia. Karibu yote hayo si kweli, lakini ukweli wenyewe una mikunjo yake.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili hapa kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Tuna maneno matatu ambayo kwenye mazungumzo tunayatumia kana kwamba ni mapacha: taifa, nchi na dola. Taifa ni watu, yaani jamii inayojitambua kuwa kitu kimoja kwa asili, lugha, desturi na sheria zake. Nchi ni ardhi. Dola ni mamlaka: serikali yenye mipaka, ambayo madola mengine yamekubali kukaa nayo meza moja. (Sizungumzii noti ya Marekani, ingawa nayo itaingia baadaye kidogo.) Mara nyingi vitatu hivi hukaa pamoja, ndiyo maana hatuoni tofauti. Kwa Haudenosaunee vimeachana. Taifa wanalo, tena sita. Nchi wanayo, vipande vipande. Dola linalotambuliwa na wengine hawana.

Mataifa hayo sita ni Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora. Matano ya kwanza yaliungana karne nyingi zilizopita chini ya kile wanachokiita Sheria Kuu ya Amani. Tuscarora wakajiunga karne ya 18. Jina Haudenosaunee maana yake ni watu wa nyumba ndefu, na kweli waliishi hivyo, familia nyingi chini ya paa moja refu. Wafaransa waliwaita Iroquois, jina walilopewa na wengine, na timu ilicheza kwa jina hilo hadi 2022 ilipoliacha. Ukiona habari za zamani zinasema Iroquois Nationals na za sasa zinasema Haudenosaunee Nationals, ni timu ileile.

Ardhi yao leo iko hasa ndani ya jimbo la New York upande wa Marekani, na Ontario na Quebec upande wa Kanada. Kuna eneo la Mohawk linaloitwa Akwesasne ambalo mpaka wa Marekani na Kanada unalipasua katikati. Mtu wa huko anaweza kuamka asubuhi, akaenda kumsalimia shangazi yake, na tayari amevuka mpaka wa kimataifa. Yeye hakuhama. Mpaka ndio uliokuja ukamkuta. Na uraia wao haupatikani kwa kuzaliwa mahali fulani. Unafuata ukoo wa mama. Mama akiwa Seneca, mtoto ni Seneca, baba awe nani.

Je, hiyo haiwafanyi kuwa kabila tu? Hapa historia inajibu. Mwaka 1794 Marekani ilitia saini nao mkataba wa Canandaigua, mkataba kama ule unaotiwa saini na taifa jingine, na hadi leo serikali ya Marekani hupeleka kitambaa kila mwaka kutimiza ahadi iliyomo. Thamani iliyoandikwa kwenye mkataba ni dola 4,500 kwa mwaka. Kitambaa chenyewe kimezidi kupungua ukubwa kadiri bei zilivyopanda, lakini wanakipokea, kwa sababu kila kipande ni ushahidi kwamba mkataba bado uko hai.

Sasa mchezo wenyewe. Anayeutazama mara ya kwanza huona watu wazima wanakimbizana na nyavu za kuvulia samaki. Kila mchezaji ana fimbo yenye kikapu cha nyavu mwishoni, na mpira mgumu wa raba unaoenea kwenye kiganja. Mikono haigusi mpira, isipokuwa ya kipa. Unaudaka kwa nyavu, unaubeba kwa nyavu, unaurusha kwa nyavu kuelekea goli la mraba lenye upana wa mita 1.83 na kimo hichohicho. Ugumu uko hapa: ukikimbia na fimbo imetulia, mpira unadondoka. Lazima uibembeze muda wote, kifundo cha mkono kikipinda na kukunjuka, ili mpira ukandamizwe ndani ya nyavu usichomoke. Jaza maji kwenye ndoo, izungushe haraka juu ya kichwa chako: maji hayamwagiki. Simamisha mkono ghafla, umelowa. Fimbo ya lakrosi hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, ila ndoo yako haina mtu anayekukimbiza akiipiga kwa fimbo yake ili uimwage.

Kuna aina tatu ambazo habari huzichanganya, na kuchanganya huko kumezaa ubishi usio na maana. Lakrosi ya kiwanjani ina wachezaji kumi kila upande, kwenye kiwanja kinachokaribia cha soka. Hiyo ndiyo ya Kombe la Dunia nililotaja. Ya ndani huchezwa na sita kila upande kwenye ukumbi wa hoki ya barafu, barafu ikiwa imeondolewa, na kuta zikiwa sehemu ya mchezo. Huko ndiko Haudenosaunee walikozoea zaidi: katika mashindano matano ya kwanza ya dunia ya aina hiyo, kuanzia 2003 hadi 2019, walifika fainali zote tano na kufungwa zote tano na Kanada. Ya tatu ndiyo mpya, sita kwa sita nje, kiwanja cha mita 70 kwa 36, robo nne za dakika nane nane, na ukishika mpira una sekunde 30 uwe umepiga golini. Imetengenezwa iwe ya haraka na isihitaji kikosi kikubwa, na ndiyo itakayochezwa Los Angeles.

Kwa Haudenosaunee, mchezo huu si burudani tu. Wanasema ulitolewa na Muumba, na huchezwa pia kama tiba, kwa ajili ya mgonjwa au jamii iliyo katika shida. Katika mchezo wa tiba hutumika fimbo ya mbao, si ya plastiki na alumini kama ya mashindano. Mti wa hikori hupasuliwa kwa urefu, hukaushwa, hupikwa kwa mvuke hadi ulainike, kisha ncha yake hukunjwa iwe kama kiwiko na kufungwa ibaki hivyo, ikaushwe tena kwa miezi. Hapo ndipo huchongwa na kutobolewa matundu ya kupitisha kamba za ngozi. Mtoto wa kiume huwekewa fimbo ndogo akizaliwa, na mzee huzikwa na yake. Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini kuwaambia "si mwende mkacheze na Marekani?" hakupokelewi kama ushauri mwema.

Maana walishawahi kufungiwa kweli, na ni mchezo wao wenyewe uliowafungia. Mwaka 1867 William George Beers, daktari wa meno wa Montreal, aliandika kanuni za lakrosi ya kisasa akichukua mchezo aliowakuta nao wenyeji wa asili. Ilipofika 1880, chama cha lakrosi cha Kanada kiliwatoa wenyeji kwenye mashindano ya ridhaa kwa hoja kwamba wanalipwa. Walilipwa ndiyo, mara nyingi kwa sababu ilikuwa njia pekee ya kugharimia safari. Kombe la Dunia la kwanza likachezwa Toronto mwaka 1967, timu nne: Marekani, Kanada, Australia na England. Waliouanzisha mchezo hawakuwemo.

Mwaka 1983 ikaundwa timu ya Iroquois Nationals. Mmoja wa waliosimama nyuma yake ni Oren Lyons wa Onondaga, aliyewahi kuwa kipa wa Chuo Kikuu cha Syracuse katika kikosi kilichomaliza msimu wa 1957 bila kufungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 shirikisho la kimataifa likawapokea kama mwanachama kamili, na 1990 wakacheza Kombe la Dunia lao la kwanza huko Perth, Australia. Baadaye wakashika nafasi ya nne mara tatu mfululizo, kisha zikaja shaba.

Lakini shirikisho linawezaje kupokea timu isiyo na dola? Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa kudhani kuna ofisi moja ulimwenguni inayogawa vibali vya kuwa timu ya taifa. Hakuna. Kila shirikisho la mchezo ni kama chama cha kuweka na kukopa: lina katiba yake, na wanachama ndio wanaoamua nani aingie. Soka ndiyo mfano ulio karibu. England, Scotland na Wales zina timu zao kwenye Kombe la Dunia, ilhali zote zimo ndani ya dola moja. Lugha yetu inatuficha hili kwa sababu neno Uingereza tunalitumia kwa England na kwa dola zima. Zanzibar nayo hucheza Kombe la Chalenji la CECAFA kama Zanzibar. Machi 2017 CAF ikaipa uanachama kamili, Julai mwaka huohuo ikaufuta. Wachezaji walikuwa walewale na visiwa vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni tafsiri ya kanuni. Na Olimpiki ikifika, Mwingereza wa Wales na Mtanzania wa Pemba kila mmoja huingia kwa bendera ya dola.

Kwa hiyo Haudenosaunee ni timu ya taifa halali mbele ya World Lacrosse, shirikisho la dunia la mchezo huo. Suala hilo halina utata. Utata unaanza pale wanapotoka nje ya mlango wa shirikisho na kukutana na watu wawili: afisa uhamiaji na Olimpiki.

Afisa uhamiaji kwanza. Haudenosaunee hutoa pasipoti zao wenyewe, na si jambo la juzi. Mwaka 1923 chifu wa Cayuga aliyeitwa Deskaheh alisafiri kwa pasipoti ya aina hiyo hadi Geneva kuwasilisha malalamiko ya watu wake kwa Ushirika wa Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa. Ushirika ukakataa kumsikiliza, lakini safari alifika. Timu ya lakrosi nayo ilizitumia kwa miaka mingi bila makelele.

Kisha ikaja Julai 2010. Kombe la Dunia lilikuwa Manchester na mechi ya ufunguzi ilikuwa yao dhidi ya wenyeji. Pasipoti zao, baadhi ya sehemu zikiwa zimejazwa kwa mkono, hazikuwa na alama za kiusalama ambazo serikali zilianza kuzidai baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Uingereza ikasema: tutawapa viza Marekani ikituhakikishia kwamba itawapokea wakirudi. Marekani ikasita. Wachezaji wakakaa hotelini New York, mizigo imefungwa, wakifanya mazoezi na kusubiri simu. Hillary Clinton, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, akaingilia kati na kibali cha mara moja kikatoka. Watu wakashangilia. Halafu Uingereza ikakataa vilevile. Mechi ya ufunguzi ikapita, mashindano yakaendelea bila wao.

Tuelewane vizuri hapo. Pasipoti hazikuwa bandia. Pasipoti bandia ni ile inayodai imetolewa na mamlaka ambayo haikuitoa. Hizi zilitolewa na mamlaka iliyotajwa kwenye jalada. Tatizo lilikuwa kutambuliwa, kama hundi ya benki ambayo benki yako haina uhusiano nayo: saini ni ya kweli, fedha huenda zipo, lakini karani anakurudishia dirishani. Na walikuwa na njia rahisi mkononi. Marekani ilikuwa tayari kuwapa pasipoti zake, na haraka. Walikataa. Mtu anaweza kuona ni ukaidi kupoteza Kombe la Dunia kwa ajili ya kijitabu. Mimi naona walikuwa na hoja: ukienda kuwakilisha taifa ukiwa umeshika karatasi inayosema wewe ni raia wa taifa jingine, umeshafungwa bao kabla ya filimbi. Miaka minane baadaye walienda Israeli kwa pasipoti za Haudenosaunee, wakarudi na shaba.

Mwaka 2015 mambo yaligeuka kidogo. Mashindano ya dunia ya lakrosi ya ndani yalifanyika kwenye ardhi ya Onondaga, karibu na Syracuse, na wageni waliofika walipigiwa muhuri wa Haudenosaunee kwenye pasipoti zao.

Sasa Olimpiki, ambako ndiko kwenye fundo lenyewe. Olimpiki haipokei timu moja kwa moja kutoka shirikisho la mchezo. Inapokea kutoka kamati ya Olimpiki ya taifa husika. Ni kama basi ambalo kondakta hauzi tiketi mlangoni. Tiketi zinauzwa ofisini tu, na ofisi hiyo ni ya dola. Tangu 1996 Mkataba wa Olimpiki unasema neno "nchi" maana yake ni dola huru linalotambuliwa na jumuiya ya kimataifa. Tena kamati mpya inatakiwa iwe na angalau vyama vitano vya michezo iliyomo kwenye Olimpiki. Haudenosaunee wanakwama kwenye masharti yote mawili. Kwa hiyo si kwamba wamefungiwa kama anavyofungiwa mchezaji aliyetumia dawa. Hawana dirisha la kukatia tiketi.

Wanaoipinga Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki hutaja Puerto Rico, Guam, Bermuda na Hong Kong, ambazo si madola huru lakini bendera zao hupita kwenye ufunguzi. Hoja hiyo ni nusu tu. Hizo ziliingia kabla ya 1996, na mlango ulipofungwa waliokuwa ndani hawakutolewa. Mfano mzito zaidi ni ule wa wakimbizi. Mwaka 2016, Rio, kamati iliunda timu ya watu kumi wasio na dola la kuwabeba, wakaandamana chini ya bendera ya Olimpiki. Hapo kanuni ilipinda kwa sababu kamati yenyewe iliamua ipinde. Tofauti ni kwamba wakimbizi hawakupewa bendera yao, na Haudenosaunee bendera ndiyo wanayoitaka: ya zambarau, yenye miraba minne myeupe na mti katikati, iliyonakiliwa kutoka mkanda wa shanga wa kale unaosimulia mataifa matano yalivyoungana.

Desemba 2023 Rais Joe Biden alisema hadharani kwamba waruhusiwe kucheza Los Angeles kwa bendera yao. Wengi wakadhani suala limekwisha. Rais wa Marekani hana kura kwenye Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na jibu lililotoka lilikuwa lilelile: ni kamati za taifa pekee zinazoingiza wachezaji, na Mhaudenosaunee mwenye uraia wa Marekani au Kanada anaweza kuomba nafasi huko. Kumbuka pia kwamba Los Angeles kuna nafasi sita tu kwa timu za wanaume. Anayeingia anamtoa mtu.

Na hofu kwamba wakiruhusiwa hawa kila kabila duniani litapanga foleni? Naielewa, ila haiangalii waliyoomba. Hawakuomba kuingia katika riadha, kuogelea na ndondi. Wameomba upendeleo katika mchezo mmoja, waliouanzisha wao, ambao shirikisho lake limewatambua kwa zaidi ya miaka 30 na ambao wao ni wa tatu duniani. Foleni ya wenye sifa hizo itakuwa fupi sana.

Jambo kama hili lilishatokea, kwa udogo. Mwaka 2020 waandaaji wa Michezo ya Dunia (World Games) ya Birmingham, Alabama, waliwaacha nje kwa sababu hizihizi za kamati ya Olimpiki. Kelele zikapigwa, msimamo ukalegea, lakini nafasi zilikuwa zimeshajaa. Ireland, waliokuwa wamefuzu, wakaiachia yao. Mwaka 2022 Haudenosaunee wakacheza. Hakuna kanuni iliyowalazimisha Waireland kufanya hivyo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: lakrosi ilishachezwa Olimpiki, St. Louis mwaka 1904 na London mwaka 1908. Kule St. Louis ziliingia timu tatu, moja ya wenyeji na mbili kutoka Kanada. Klabu ya Shamrock ya Winnipeg ikachukua dhahabu. Ya pili kutoka Kanada ilikuwa kikosi cha Wamohawk, ikamaliza ya tatu. Kwenye vitabu vya Olimpiki, shaba ile imeandikwa Kanada.